Jaji mmoja anapata wapi nguvu ya kumzuia rais? Maisha na kazi ya jaji wa shirikisho Marekani

Tarehe 23 Januari 2025, siku tatu baada ya Donald Trump kuapishwa kwa mara ya pili, jaji John Coughenour wa Seattle aliwasikiliza mawakili kwa muda mfupi, kisha akaisimamisha amri ya rais. Amri hiyo ilitaka mtoto anayezaliwa Marekani asipate uraia kama mama yake yupo nchini bila kibali au kwa viza ya muda, na baba yake si raia wala mkaazi wa kudumu. Jaji alisema waziwazi kwamba inavunja Katiba. Mwanafunzi wa Kitanzania au Kikenya aliyekuwa anasoma huko huku mkewe ni mjamzito hakuichukulia habari hiyo kama siasa za mbali.

Swali lililofuata bado linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hadi leo. Inakuwaje mtu mmoja, ambaye hakuna mwananchi aliyempigia kura, amzuie rais aliyechaguliwa na mamilioni? Wapo wanaojibu haraka kwamba ni jaji wa Democrats. Coughenour aliteuliwa mwaka 1981 na Ronald Reagan, rais wa Republican. Jibu la kweli liko kwenye namna kazi yake ilivyojengwa, na ni vizuri tuanzie chini kabisa.

Marekani ina mifumo miwili ya mahakama inayokwenda sambamba. Wa kwanza ni wa majimbo. Kila jimbo kati ya yale 50 lina mahakama zake, na huko ndiko zinakokwenda kesi nyingi za maisha ya kila siku: mauaji, wizi, talaka, mirathi, ugomvi wa kodi ya nyumba. Majaji wengi wa majimbo hupigiwa kura, na wapo wanaobandika mabango ya kampeni kama wanasiasa wengine.

Mfumo wa pili ni wa shirikisho, yaani wa serikali kuu. Huu hushughulikia Katiba, sheria zilizotungwa na Bunge la Marekani, ugaidi, ulaghai unaovuka mipaka ya majimbo, kesi dhidi ya serikali kuu, na madai ya zaidi ya dola 75,000 kati ya watu wa majimbo tofauti. Ngazi zake ni tatu. Chini kuna mahakama zinazosikiliza kesi kwa mara ya kwanza, zenye mashahidi, vielelezo na mshtakiwa kizimbani. Katikati kuna mahakama za rufaa. Juu kuna Mahakama ya Juu yenye majaji tisa. Tunayemzungumzia hapa ni jaji wa ngazi ya kwanza. Mahakama yake huitwa ya wilaya, lakini asifananishwe na hakimu wa wilaya wa kwetu. Kwa uzito wa kazi, mlinganishe na jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya au Tanzania. Wilaya hizo ni 94, na nafasi za majaji hawa zilizowekwa kisheria ni karibu 670 kwa nchi nzima.

Kabla ya kuendelea, kuna kosa moja linalowaumiza watu wetu walioko huko. Jaji wa uhamiaji, yule anayesikiliza maombi ya hifadhi ya Mkongomani au Mrundi aliyekimbia vita, si jaji wa aina hii. Ni mtumishi wa Wizara ya Sheria, chini ya Mwanasheria Mkuu wa serikali, na anaweza kuachishwa kazi na wakubwa wake. Hana ulinzi wa kikatiba tutakaoueleza hapa chini. Kwa hiyo mtu akikwambia “majaji wa Marekani hawaguswi, kesi yako ya hifadhi iko salama”, amechanganya watu wawili tofauti kabisa.

Mtu anakuwaje jaji wa shirikisho? Katiba ya Marekani haikuweka sifa yoyote. Haikutaja umri, shahada ya sheria, wala miaka ya uzoefu. Rais humteua mtu, Seneti humthibitisha kwa kura, basi. Kenya ilichagua njia nyingine: Tume ya Utumishi wa Mahakama hutangaza nafasi, huwahoji waombaji hadharani, na Katiba ya 2010 inadai uzoefu wa miaka isiyopungua 10 kwa jaji wa Mahakama Kuu. Marekani mchujo upo, ila umejengwa na desturi kuliko Katiba. Wapelelezi wa FBI huchimba historia ya mteuliwa, kamati ya Seneti humhoji, na kwa kawaida maseneta wawili wa jimbo lake husubiriwa waseme kama wanamkubali. Seneta mmoja mwenye kinyongo anaweza kukwamisha jina kwa miezi.

Maisha ya Constance Baker Motley yanaonyesha njia hiyo vizuri kuliko maelezo yangu. Alizaliwa mwaka 1921 New Haven, Connecticut, mtoto wa tisa kati ya 12, wa wazazi waliohama kutoka kisiwa cha Nevis huko Karibi. Baba yake alikuwa mpishi. Fedha za chuo hazikuwepo, hadi tajiri mmoja wa mji huo alipomsikia akizungumza mbele ya watu na kuamua kumlipia masomo. Alimaliza sheria Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1946, akawa tayari anafanya kazi na Thurgood Marshall, wakili aliyeongoza mapambano ya mahakamani dhidi ya ubaguzi wa rangi. Wasomaji wa Kenya wana sababu ya kumkumbuka Marshall: mwaka 1960 aliwashauri wajumbe wa Kiafrika kwenye mazungumzo ya katiba ya Kenya pale Lancaster House, London, na aliandika rasimu ya haki za raia.

Motley alikuwa akipanda mahakamani katika majimbo ya kusini, mahali ambapo hoteli hazikumpokea mtu mweusi. Ni yeye aliyesimamia kesi ya James Meredith, kijana mweusi aliyeingia Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka 1962 kwa amri ya mahakama na chini ya ulinzi wa serikali kuu. Alitetea kesi 10 mbele ya Mahakama ya Juu, akashinda tisa. Januari 1966 Rais Lyndon Johnson alimteua kuwa jaji wa shirikisho jijini New York. James Eastland, seneta wa Mississippi aliyeongoza kamati ya sheria na mtetezi mkubwa wa ubaguzi, alimpinga. Uthibitisho wake ulikuja Agosti, miezi saba baadaye. Akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho nchini humo.

Tangu siku ile hakuna rais, seneta wala mpiga kura aliyeweza kumtoa kwa sababu ya hukumu asiyoipenda. Hapa ndipo penye jibu la swali letu. Katiba inasema majaji hawa watashika nafasi zao wakiwa na mwenendo mwema, na mshahara wao hautapunguzwa wakiwa kazini. Hakuna muhula, hakuna umri wa lazima wa kustaafu. Jaji wa Kenya huondoka akifika miaka 70. Wesley Brown wa Kansas, aliyeteuliwa na John Kennedy mwaka 1962, alikuwa bado anashughulikia kesi alipofariki Januari 2012 akiwa na miaka 104.

Watu husikia hayo wakadhani jaji hawezi kufanywa lolote. Anaweza. Baraza la Wawakilishi humshtaki, Seneti humhukumu, na theluthi mbili ya maseneta wakikubali, anang'olewa. Katika historia yote ya nchi hiyo majaji 15 wa shirikisho wameshtakiwa hivyo na wanane wameondolewa. Wa kwanza alikuwa John Pickering wa New Hampshire, mwaka 1804, aliyekuwa akifika mahakamani amelewa na akili yake imeyumba. Mwingine, Alcee Hastings wa Florida, aliondolewa mwaka 1989 kwa tuhuma za rushwa na kiapo cha uongo, kisha mwaka 1992 wananchi wakamchagua kuwa mbunge. Kuna jambo moja ambalo halijawahi kufanikiwa: kumwondoa jaji kwa sababu tu ameamua kesi kinyume na matakwa ya wenye madaraka. Naliona hili kuwa la thamani kuliko kipengele kingine chochote cha kazi hii, na nchi zetu zina mifano ya kutosha ya jaji kujua, kabla hajashika kalamu, nani atakasirika.

Mshahara mwaka 2025 ulikuwa dola 247,400 kwa mwaka. Ni fedha nyingi kwa mtu wa kawaida, ingawa wakili mkubwa wa New York hupata mara kadhaa ya hizo. Jaji haruhusiwi kuchangia wanasiasa wala kufanya kampeni, na kila mwaka anatangaza mali na vyanzo vyake vya mapato. Akifika miaka 65 na amefanya kazi miaka 15, anaweza kuhamia hadhi ya ujaji mwandamizi: anapunguza mzigo wa kesi, mshahara unabaki, na nafasi yake inafunguliwa kwa mteule mpya. Motley alifanya hivyo mwaka 1986, akaendelea kusikiliza kesi hadi alipofariki mwaka 2005.

Jaji hachagui kesi zake. Hugawiwa kwa bahati nasibu kati ya majaji wa wilaya ile. Katika baadhi ya miji midogo, hasa Texas, yupo jaji mmoja tu, hivyo mawakili wakijua msimamo wake hupeleka kesi makusudi huko. Huo ni udhaifu wa kweli na malalamiko juu yake yana msingi, bila kujali chama kipi kinanufaika.

Mgawanyo huo wa bahati nasibu ndio uliompelekea Motley kesi ya Melissa Ludtke, mwandishi wa habari za michezo aliyezuiwa kuingia chumba cha wachezaji wa besiboli wakati wanaume wenzake waliruhusiwa. Mwaka 1978 Motley aliamua kwamba kumzuia ni ubaguzi. Miaka mitatu kabla ya hapo, kwenye kesi ya mawakili wanawake walioishtaki kampuni kubwa ya mawakili kwa ubaguzi wa ajira, upande wa kampuni ulimtaka ajitoe kwa sababu yeye ni mwanamke na aliwahi kutetea wabaguliwa. Alikataa. Kila jaji ana jinsia, rangi na maisha aliyoyaishi, alieleza, na kama hiyo ingekuwa sababu ya kujitoa, hakuna jaji yeyote wa mahakama ile ambaye angeweza kuisikiliza kesi hiyo. Sheria humtaka jaji ajitoe akiwa na maslahi ya fedha, ndugu kwenye kesi, au upendeleo unaoonekana. Kuwa mtu wa jamii fulani haimo.

Sasa tuingie ndani ya chumba cha mahakama. Kwetu jaji husikiliza ushahidi na mwenyewe huamua kama mshtakiwa ana hatia. Kwenye kesi nzito za jinai Marekani, kazi hiyo ni ya jopo la raia 12 wa kawaida, na lazima wote wakubaliane. Fikiria muuzaji wa sokoni: jaji ndiye anayeamua nini kiwekwe kwenye mzani na nini kitolewe, jopo ndilo linalosoma uzito. Jaji akikataa ushahidi fulani, jopo halitauona kabisa.

Afrika Mashariki inalijua hili kwa uchungu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, watu 224 wakafariki, wengi wao Wakenya na Watanzania. Kesi ya kwanza kubwa ilisikilizwa New York mwaka 2001 na jaji Leonard Sand. Manusura wa Nairobi walisafiri kwenda kutoa ushahidi. Washtakiwa wanne, mmoja wao Mtanzania, walitiwa hatiani kwa mashtaka yote 302. Waendesha mashtaka walitaka wawili wapewe adhabu ya kifo, lakini jopo halikukubaliana kwa kauli moja, na kwa hiyo adhabu hiyo haikuwezekana. Oktoba 18, wiki chache tu baada ya mashambulizi ya Septemba 11 katika jiji hilohilo, Sand aliwahukumu wote wanne kifungo cha maisha. Hasira ya jiji zima haikubadilisha walichoamua raia 12.

Miaka tisa baadaye akaletwa Ahmed Khalfan Ghailani wa Zanzibar mbele ya jaji Lewis Kaplan, mahakama ileile. Ghailani alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akashikiliwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kwenye magereza ya siri, kisha Guantanamo, gereza la kijeshi la Marekani huko Cuba. Serikali ilitaka kumleta shahidi kutoka Tanzania ambaye ingesemekana alimuuzia baruti. Tatizo ni kwamba shahidi huyo alijulikana kupitia maneno yaliyotolewa na Ghailani kwa kulazimishwa akiwa mikononi mwa CIA. Kaplan alimkataa shahidi. Alieleza kwamba anaijua hatari iliyopo duniani, lakini Katiba hufuatwa hata pale woga unapovuta upande mwingine. Novemba 2010 jopo lilimwachia Ghailani mashtaka 284 na kumtia hatiani kwa moja tu, la kula njama ya kuharibu majengo na mali ya serikali.

Wengi hapa kwetu walihisi wamedhulumiwa, na ninawaelewa: ndugu zetu walikufa, na karatasi ikasomeka kama kwamba vifo vile havikuwa na mwenyewe. Lakini sehemu ya pili ya habari haikusambaa sana. Januari 2011 Kaplan, kwa shtaka lile moja, alimhukumu Ghailani kifungo cha maisha, akieleza kwamba maumivu yoyote aliyoyapata kizuizini hayafikii maumivu ya waliolipuliwa. Mahakama ya rufaa iliikubali hukumu hiyo mwaka 2013. Jaji aliyetupa ushahidi uliopatikana kwa kulazimishwa ndiye huyohuyo aliyempa adhabu kali kuliko zote zilizokuwa mkononi mwake.

Kesi kama hizo ni chache. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wanaotiwa hatiani kwenye mahakama za shirikisho hukiri kosa kwa makubaliano na mwendesha mashtaka, na jopo halikai. Hapo kazi ya jaji ni kuhakikisha mshtakiwa anaelewa anachokiri, kisha kupanga adhabu. Ana kitabu cha mwongozo kinachotaja idadi ya miezi kulingana na kosa na rekodi ya mtu. Tangu Januari 2005 mwongozo huo ni wa kushauri, ila makosa mengine, ya dawa za kulevya hasa, yana kiwango cha chini kilichowekwa na Bunge ambacho jaji kwa kawaida hawezi kushuka chini yake hata moyo ukimuuma. Na kwa makosa yaliyotendwa tangu Novemba 1987, hakuna kuachiwa mapema na bodi ya parole. Anayefungwa miaka 20 asitarajie kutoka baada ya saba.

Turudi kwa rais. Jaji hawezi kuamka asubuhi akafuta amri ya Ikulu aliyoisoma gazetini. Lazima kwanza mtu aliyeumizwa, au jimbo, afungue kesi. Ndipo anaweza kutoa zuio, yaani amri ya kusimamisha jambo wakati kesi inaendelea, kama anaona mlalamikaji ana nafasi nzuri ya kushinda na ataumia vibaya akisubiri. Februari 2017 jaji James Robart, pia wa Seattle na aliyeteuliwa na George W. Bush, alisimamisha marufuku ya kusafiri iliyozigusa nchi saba, Somalia ikiwemo. Watu waliokwama viwanja vya ndege wakaingia. Lakini toleo la tatu la marufuku lilifika Mahakama ya Juu, na Juni 2018 rais akashinda. Zuio la jaji mmoja linaweza kuishi siku chache au miaka, kutegemea walio juu yake.

Juni 27, 2025 Mahakama ya Juu iliubana zaidi mkono wa majaji hawa. Kwa kura sita dhidi ya tatu ilisema kwamba kwa kawaida jaji mmoja hana mamlaka ya kutoa zuio linalomlinda kila mtu nchi nzima. Alinde walio kwenye kesi iliyo mbele yake. Wengine walitangaza kwamba majaji wamefungwa mdomo. Haikuwa hivyo. Wiki mbili baadaye jaji Joseph Laplante wa New Hampshire, mteule mwingine wa Bush, alikubali kesi ya pamoja kwa niaba ya watoto wote walioguswa na amri ya uraia, akaizuia kwa njia hiyo. Njia imebadilika, mlango haujafungwa.

Gharama ya kazi hii huonekana mara chache. Julai 2020 wakili aliyewahi kuwa na kesi mbele ya jaji Esther Salas wa New Jersey alifika nyumbani kwake akijifanya mleta vifurushi. Alimuua kwa risasi Daniel, mtoto pekee wa jaji huyo mwenye miaka 20, na kumjeruhi vibaya mumewe. Miaka miwili baadaye, Desemba 2022, ilipitishwa sheria yenye jina la Daniel ya kuficha anwani za majaji wa shirikisho na familia zao. Salas alirudi kazini.

Kwa Mswahili anayeishi Marekani, mara nyingi sura ya kwanza ya jaji huyu ataiona siku njema, kwa sababu majaji wa shirikisho huwaapisha raia wapya. Ya pili inaweza kuja kwa barua ya kuitwa kwenye jopo. Raia wa miaka 18 na kuendelea, aliyekaa wilaya ile mwaka mmoja na anayejua Kiingereza cha kutosha, anaweza kuitwa, na hulipwa dola 50 kwa siku. Kuipuuza barua kunaweza kuleta faini ya hadi dola 1,000. Barua hizo wakati mwingine huwafikia wenye green card kwa makosa. Ikikufika nawe bado si raia, jaza fomu ukisema hivyo na uirudishe. Usiweke alama kwamba u raia hata kwa kubahatisha, kwa kuwa kudai uraia usio wako kunaweza kukufungia njia ya kuupata kabisa.